Siku tatu za kwanza: Usiharakishe kusema mama hana maziwa

Wasomaji wengi walio na kazi Nairobi, Thika au Mombasa wana kwao kwingine. Binti wa Tulia, Kitui, akikaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza, mara nyingi hufunga safari akarudi nyumbani ili mama yake awe karibu, au mama huyo hupanda matatu akaja mjini na mfuko wa ndengu na kuku mmoja. Ni desturi njema. Lakini ni katika siku hizo chache za mwanzo, mama na bintiye wakimtazama mtoto mchanga, ambapo jambo kubwa huamuliwa bila mtu kutambua kuwa linaamuliwa. Je, mtoto huyu atanyonya maziwa ya mama yake peke yake, au ataanzishiwa maji, glukosi na maziwa ya kopo?

Somo la leo linahusu siku hizo. Faida za kunyonyesha zimebandikwa ukutani katika kila kliniki, na karibu kila mama nchini huanza kunyonyesha. Linalowashinda wengi si kuanza, bali ni kuamini kwamba walicho nacho kinatosha.

Rangi ya manjano

Siku ya kwanza na ya pili baada ya kujifungua, matiti ya mama huwa bado laini. Akijikamua huona matone machache mazito, yenye rangi ya manjano. Hayo ndiyo maziwa ya kwanza, yaani dang'a. Mama aliye mgeni katika kazi hii huyatazama akaona si maziwa. Naye jirani aliyekuja kumpa hongera huongeza lake: huo ni usaha, au ni maziwa yaliyolala humo miezi tisa yakaharibika, yamwagwe. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, bara na pwani, dang'a imewahi kumwagwa kwa sababu kama hizo.

Dang'a huwa kidogo kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo. Siku ya kwanza mtoto humeza kiasi cha kijiko kimoja cha chai, au hata chini ya hapo, kila anaponyonya, na hicho humtosha. Ndani yake mna protini nyingi, vitamini A kwa wingi na chembe za kinga kutoka kwa mama, ambazo hutanda kwenye utumbo wa mtoto na kuzuia vijidudu visipenye. Ni kama chanjo yake ya kwanza. Tena dang'a husaidia utumbo kusukuma nje kile kinyesi cheusi cha mwanzo, na kwa njia hiyo humpunguzia mtoto uwezekano wa ngozi na macho kuwa ya manjano.

Mtoto awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, na aanze kunyonya kabla ya saa moja kwisha. Mtoto mchanga huwa macho sana katika saa hiyo, kisha hulala usingizi mzito. Akioshwa, akafunikwa blanketi na kuwekwa pembeni kwanza, nafasi hiyo hupita.

Maziwa meupe hujaa kati ya siku ya pili na ya nne. Kwa wengi ni siku ya tatu, ingawa kwa mama wa mtoto wa kwanza, au aliyejifungua kwa upasuaji, huenda yakachelewa kidogo. Hapa kuna jambo ambalo Wakamba wenyewe wanaweza kulikumbuka kwa urahisi. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba kwa mila ya Wakamba mtoto hupewa jina siku ya tatu baada ya kuzaliwa, na kesho yake baba humvika mkufu shingoni. Hesabu hiyo inalingana vizuri na ya mwili wa mama. Hakuna mzee aliyewahi kulalamika siku ya pili kwamba mtoto hana jina. Maziwa nayo yanastahili kungojewa vivyo hivyo, ila huku mtoto akinyonya, si akipewa maji ya sukari ya kumshikilia.

Kisima cha mchangani

Anayeijua mito ya Kitui wakati wa kiangazi anavijua visima vinavyochimbwa mchangani. Juu ni pakavu, lakini ukiteka, maji hujipenyeza tena kutoka chini. Kisima kisipotekwa, mchanga hukizika. Matiti hufanya kazi karibu hivyo. Si debe linalojazwa likaisha, kwa hiyo ushauri wa kumwambia mama apumzishe matiti ili maziwa yajae hauna msingi, na kwa kweli humkausha.

Mtoto anapovuta titi, ubongo wa mama hutoa homoni mbili. Ya kwanza, prolaktini, huamuru maziwa yatengenezwe kwa ajili ya mlo ujao, na hutoka kwa wingi zaidi usiku. Ndiyo sababu mtoto anapaswa kuwa karibu na mama usiku na mchana. Ya pili, oksitosini, husukuma maziwa yaliyokwisha tengenezwa yafike kwenye chuchu. Hii ya pili hukaza pia mji wa mimba na kupunguza kutokwa damu, hivyo mama akisikia tumbo likimkata anaponyonyesha siku za mwanzo asidhani ameugua. Lakini oksitosini huzuiwa kwa muda na maumivu, hofu na aibu. Mama anayeambiwa asubuhi na jioni kwamba hana kitu kifuani huenda akaona maziwa kweli hayashuki, ingawa yamo.

Sasa fikiria kinachotokea siku ya pili jioni. Mtoto analia. Nyanya, ambaye Ukambani huitwa susu, anamwonea huruma na kumpa vijiko vichache vya maji ya glukosi. Mtoto ananyamaza na kulala saa nne. Kwa saa hizo nne hakunyonya, kwa hiyo mwili wa mama haukupata habari kwamba kuna mtu anayehitaji maziwa. Akiamka huvuta titi kwa uvivu, hulia tena, na kijiko hurudi. Kufikia mwisho wa wiki, maziwa yamepungua kweli, na waliosema mama hana maziwa wanaona walisema sawa. Wao wenyewe ndio waliozika kisima, tena kwa mapenzi mema.

Hali hii haiko mashambani tu. Mwaka wa 2011 watafiti wa kituo cha APHRC, wakiongozwa na Dkt Elizabeth Kimani-Murage, walichapisha uchunguzi wao kutoka Korogocho na Viwandani, Nairobi. Watoto 40 kati ya kila 100 walikuwa wamepewa kitu kingine cha kunywa ndani ya siku tatu za kwanza. Walionyonya maziwa ya mama pekee mpaka miezi sita walikuwa wawili tu kati ya 100. Baadaye wahudumu wa afya wa kijiji walipoanza kuwatembelea akina mama nyumbani, kabla na baada ya kujifungua, idadi hiyo ilipanda ikapita nusu, kama ilivyoripotiwa mwaka wa 2017. Akina mama walikuwa maskini vilevile na nyumba zilikuwa zile zile. Kilichoongezeka ni mtu wa kuwaelekeza na kuwatia moyo.

Kwa nchi nzima, uchunguzi wa kitaifa wa afya ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miezi sita walionyonya maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 13 mwaka wa 2003, asilimia 32 mwaka wa 2008-09 na asilimia 61 mwaka wa 2014. Uchunguzi wa mwaka wa 2022 ulipata asilimia 60. Yaani tulipanda mlima kwa kasi, kisha tukakaa.

Kumshikisha mtoto titi

Chuchu zikipasuka, mama hulaumu meno ambayo mtoto hana. Kwa kawaida tatizo ni jinsi alivyoshikishwa. Mtoto hapaswi kunyonya chuchu bali titi, maana maziwa yako nyuma ya chuchu, chini ya ile sehemu nyeusi inayoizunguka.

Mama aketi mahali palipo na kitu cha kuegemea, mgongo ukiwa umetulia. Amlaze mtoto ubavu, tumbo lake likigusana na la mama, kichwa na mwili vikiwa katika mstari mmoja ili asilazimike kupinda shingo. Pua ya mtoto ielekee kwenye chuchu. Amguse midomo kwa chuchu na kungoja mpaka apanue kinywa kama anayepiga miayo, kisha amsogeze mtoto haraka kwenye titi. Asiinamie mtoto, kwani mgongo utamuuma na titi litachomoka. Akiwa ameshika vizuri, kidevu chake hugusa titi, mdomo wa chini hupinduka nje, na ile sehemu nyeusi huonekana zaidi juu ya kinywa kuliko chini. Mashavu huwa yamejaa. Yakibonyea ndani na kutoa mlio, hajashika. Mama aingize kidole kisafi pembeni mwa kinywa, amtoe polepole, na kuanza upya. Hata mara tano si nyingi.

Anyonye kila anapotaka, mchana na usiku, mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Si lazima alie kwanza. Akitafutatafuta kwa mdomo au kunyonya vidole, ana njaa tayari. Kulia huja mwishoni, na mtoto anayelia kwa hasira ni vigumu kumshikisha. Anyonye titi moja mpaka aliache mwenyewe, ndipo apewe la pili.

Siku maziwa yanapojaa, matiti huvimba, yakawa magumu na ya moto. Dawa ni kumnyonyesha zaidi. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kabla ya kunyonyesha husaidia maziwa kushuka, na kitambaa baridi baadaye hupunguza maumivu. Kama titi ni gumu mno mtoto asiweze kulishika, mama akamue kidogo kwa mkono kwanza. Sehemu moja ikiwa nyekundu na mama akapata homa, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, naye asiache kunyonyesha. Titi lililojaa likiachwa lina hatari ya kufanya jipu.

Utajuaje kwamba anashiba?

Hili ndilo swali la kila mama, kwa sababu titi halina alama za kupimia kama chupa. Kilio si kipimo kizuri. Watoto hulia kwa baridi, kwa nepi iliyolowa, kwa kuchoka, na wakati mwingine kwa kutaka kubebwa tu. Kipimo kizuri ni kile kinachotoka. Kuanzia siku ya tano au ya sita, mtoto anayeshiba hukojoa mara sita au zaidi kwa siku, mkojo ukiwa mweupe. Kinyesi hubadilika kutoka cheusi hadi cha manjano kufikia siku ya nne au ya tano.

Watoto wengi hupungua uzani siku za kwanza, na hilo huwatisha wazazi wanaofuata sana mizani. Kupungua hadi asilimia saba ni kwa kawaida. Akikaribia asilimia 10, mhudumu wa afya aangalie jinsi anavyonyonya. Uzani wa kuzaliwa unapaswa kurudi kufikia wiki mbili, na baada ya hapo mtoto aongeze angalau nusu kilo kila mwezi katika miezi ya mwanzo. Yote haya huandikwa katika kile kitabu cha mama na mtoto kinachotolewa kliniki.

Mtoto akikataa kabisa kunyonya, akiwa na homa, akipumua kwa haraka, akilala bila kuamshika, au umanjano ukifika kwenye viganja na nyayo, asingojewe mpaka kesho. Apelekwe hospitali.

Wapo pia akina mama wachache ambao maziwa yao hayatoshi kweli, kwa mfano waliowahi kufanyiwa upasuaji wa matiti au wenye kasoro fulani za homoni. Hao wanahitaji msaada wa daktari, wala wasilaumiwe. Ninachosisitiza ni kwamba ni wachache, na haliwezi kujulikana siku ya pili.

Joto, maji na chupa

Tulia na sehemu nyingi za Kitui na Makueni ni nchi ya jua. Nyanya anayeona mjukuu wake akitokwa jasho mwezi wa Februari huona ni ukatili kumnyima maji. Lakini karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Watafiti waliopima watoto walionyonya tu katika maeneo yenye joto kali ya India na Pakistan hawakuona haja ya maji ya ziada. Anayehitaji kunywa maji zaidi ni mama mwenyewe, kila anaposikia kiu.

Hatari ya yale maji ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Familia nyingi za huko huteka kwenye visima vya mchangani, kwenye mabwawa ya mchanga au vioski, na mtungi husafiri juu ya punda kabla ya kufika nyumbani. Mjini nako mfereji hukauka na maji yakanunuliwa kwa mkokoteni. Uchunguzi wa Cesar Victora na wenzake nchini Brazil, uliochapishwa mwaka wa 1987, ulipata kwamba watoto wachanga ambao hawakunyonyeshwa walikuwa na uwezekano wa kufa kwa kuhara mara 14 zaidi ya walionyonya pekee. Mwaka wa 2016 jarida la kitabibu la Lancet lilikadiria kwamba unyonyeshaji ukifanywa ipasavyo duniani kote, vifo vya watoto 823,000 vingezuiwa kila mwaka, pamoja na vifo 20,000 vya akina mama kutokana na saratani ya matiti.

Anayefikiria maziwa ya kopo afanye hesabu kabla ya kufungua kopo la kwanza. Kwa miezi sita mtoto huhitaji takriban kilo 20 za unga, yaani makopo 40 ya gramu 500. Zidisha kwa bei ya duka lililo karibu nawe. Ongeza kuni au gesi, kwa maana unga huo si salama usipochanganywa na maji yaliyochemka, yakiwa bado na joto la digrii 70 au zaidi, kisha yapozwe kabla ya mtoto kunywa. Fedha zikipungua, mama huzidisha maji ili kopo lidumu, na mtoto hudhoofika huku chupa ikiwa imejaa.

Kampuni zinajua mama huyumba siku gani. Ndiyo sababu miaka ya nyuma, katika nchi nyingi za Afrika, wauzaji waliovaa sare nyeupe kama wauguzi walizunguka wodi za wazazi wakigawa makopo ya bure. Mwaka wa 1981 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kuzuia biashara hiyo kwa kura 118 dhidi ya moja, ile ya Marekani. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka wa 2012, inayokataza kutangaza maziwa hayo kwa umma na kugawa sampuli za bure. Mtu yeyote akikupa kopo la bure wodini, anavunja sheria.

Uji nao una wakati wake. Mtoto akifika miezi mitatu akawa anaamka usiku, watu husema maziwa hayamshibishi tena, apewe usuu. Huo ni umri ambao mtoto hunyonya zaidi kwa siku chache ili maziwa yaongezeke. Isitoshe, Ukambani kuna sababu nyingine ya kutoharakisha. Mwaka wa 2004 mahindi yaliyooza kwa sumu ya aflatoksini yaliwapata watu 317 na kuua 125, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui. Sumu hiyo hupita katika maziwa ya mama pia, lakini kwa kiasi kidogo sana kuliko katika uji uliopikwa kwa unga huo huo. Miezi sita ikitimia, mtoto aanze vyakula laini huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi, na nafaka ya uji wake iwe kavu, isiyo na ukungu.

Je, mama mwembamba, anayekula mlo mmoja wakati wa njaa, ana maziwa ya maana? Anayo. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, watafiti wa Nairobi na wa Amsterdam walifanya kazi Matungulu na Mbiuni, Machakos, na miongoni mwa mambo waliyopima ni maziwa ya akina mama Wakamba waliokuwa wakilima na kuteka maji kama kawaida yao. Utafiti wa aina hiyo, huko na kwingineko, umethibitisha kwamba mwili wa mama humlinda mtoto kwanza. Anayeumia ni mama. Kwa hiyo ile supu ya kuku, isyo, ndengu, mboga ya kunde na maembe ya Makueni vimjie yeye. Chakula chake kiongezwe kwa sababu anakistahili, wala asiambiwe anyamaze kunyonyesha kwa kuwa amekonda.

Mama mwenye virusi vya Ukimwi

Wasomaji wengi bado wanakumbuka ushauri wa zamani. Kati ya mwaka wa 1992 na 1998, Dkt Ruth Nduati na wenzake walifuatilia akina mama wenye virusi jijini Nairobi, waliokuwa na maji safi ya mfereji. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2000 yalionyesha kwamba kufikia miaka miwili karibu watoto 37 kati ya 100 walionyonyeshwa walikuwa wameambukizwa, na karibu 21 kati ya 100 waliopewa maziwa ya kopo. Hata hivyo vifo vya makundi hayo mawili havikutofautiana sana. Kopo liliwaepusha wengine na virusi, lakini magonjwa mengine yakawachukua. Nao uchunguzi wa Durban, Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka wa 1999, ulionyesha kwamba waliochanganyiwa maziwa ya mama na vyakula vingine waliambukizwa zaidi ya walionyonya pekee.

Hayo yalikuwa kabla ya dawa za ARV kufika vijijini. Leo mama hupimwa kliniki akiwa mjamzito, humeza dawa zake kila siku, na mtoto hupewa dawa za kumkinga. Virusi vikishapungua mwilini mwa mama kiasi cha kutoonekana katika kipimo, uwezekano wa kumwambukiza mtoto kwa kunyonyesha huwa mdogo sana. Ushauri wa Wizara ya Afya ni anyonyeshe pekee miezi sita, kisha aendelee pamoja na vyakula vingine. Asikatishe dawa hata siku moja, na mtoto apelekwe kupimwa akiwa na wiki sita na tena kila anapoitwa.

Kurudi kazini

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mama miezi mitatu ya likizo yenye malipo. Mtoto anahitaji miezi sita. Mwanya huo wa miezi mitatu ndio huwafanya wengine kumwacha mtoto Tulia kwa susu na kurudi Nairobi peke yao. Kwa maoni yangu, ikiwezekana hata kwa kubanana, mtoto aje mjini na mama, na susu aje naye kwa muda. Atakayebaki nyumbani bila mama yake angalau awe amepita miezi sita.

Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea au kukamulia, na kumpa mama mapumziko yasiyozidi jumla ya saa moja katika saa nane za kazi, mbali na yale ya kula. Si choo; sheria yataka chumba kisafi na cha faragha. Kwa mama mboga na kijakazi sheria hii ni ya karatasi tu, na ni wao wanaohitaji zaidi mazungumzo ya mapema na tajiri au jirani wa kibanda. Baba naye ana wiki mbili za likizo yenye malipo. Kazi yake katika wiki hizo ni kuteka maji, kufua nepi, na kuwazuia wageni wenye ushauri mwingi.

Kukamua kunajifunzwa wiki mbili kabla ya kurudi kazini. Mama anawe mikono kwa sabuni, aweke kidole gumba juu na vingine chini, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi, asukume kuelekea kifuani kisha abane na kuachia, bila kuvuta chuchu. Mwanzo hutoka matone, baada ya dakika chache hutiririka. Maziwa yawekwe katika chombo chenye kifuniko kilichochemshwa. Mahali penye baridi ndani ya nyumba hukaa saa nne, na joto likizidi digrii 25 yatumike mapema zaidi. Katika friji hukaa hadi siku nne, yakiwekwa nyuma kabisa, si mlangoni. Mafuta yakijitenga juu hayajaharibika, yatikiswe polepole. Yasipashwe motoni bali kikombe kiwekwe ndani ya maji ya moto.

Mlezi ampe kwa kikombe kidogo. Amketishe mtoto wima mapajani, kikombe kiguse mdomo wa chini, naye mtoto atayalamba mwenyewe, asimmiminie. Kikombe huoshwa kwa urahisi kuliko chupa yenye chuchu ya mpira, ambayo pia humzoesha mtoto kunyonya kwa namna nyingine. Mama amnyonyeshe kabla ya kutoka asubuhi na usiku kucha anapotaka. Akifika jioni avue viatu, anawe, aketi na kumpa titi kwanza, sufuria ya chakula ingojee.